Kiganja-Mgongo na Mashangazi wa Boti Nzima

Leo nawasimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu nusu ya mkasa huu mnayo tayari, na hiyo nusu mliipata kwa Yasini, ambaye kila akisimulia anaongeza watu, wakati watu walikuwa wengi wa kutosha bila msaada wake. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini tukipita soko la Mwanga anatokea mtu mzima na ndevu zake ng'ambo ya barabara, ananionyesha kiganja, anaugeuza mkono, halafu anacheka mpaka anashika ukuta. Ile si salamu, jamani. Ile ni aibu yangu ya siku ya harusi, bado inatembea mjini kuliko mimi mwenyewe. Na mke wangu tukiwa naye anairudisha kwa furaha kabisa, maana siku ile aliyeaibika ni mimi tu, yeye alitoka na heshima yake yote na yangu akaichukua.

Kwanza mchezo, ili msije mkapotea njiani. Wakati ule nilikuwa fundi cherehani pale Mwanga, kwenye baraza la duka la vitambaa, mimi na Yasini na Filbert, Muha wa Kasulu, mtu mpole ambaye neno lake lilikuwa moja tu, "ego," yaani ndiyo, na alilisema hata pale alipokuwa hakubaliani na wewe. Ikitokea kazi isiyo na mwenyewe (kwenda kuleta chai, au kumkabili mteja ambaye suruali yake haijaguswa na jana aliapiwa kwamba imeisha), tulipiga kiganja-mgongo. Mnatikisa ngumi pamoja, mnasema "kiganja, mgongo, toa," na kwenye "toa" kila mtu anautoa mkono wake mbele, ama kiganja kimeangalia juu, ama mgongo wa mkono ndio uko juu. Aliyetofautiana na wenzake wote, ndiye. Kwa watu watatu ni mchezo mtamu sana, hauna pa kujificha: ama mmefanana wote na mnarudia, ama mmoja kabaki peke yake na birika la chai ni lake. Sikumbuki hata siku moja umetuchukua muda mrefu kuliko kutunga uzi kwenye sindano. (Mkiwa wawili ndio hauchezeki kabisa, kwa sababu kila mmoja ni tofauti na mwenzake na wote wawili mna haki, hili nimelielewa vizuri zaidi ndani ya ndoa.) Basi mimi nikaamini kwamba mchezo huo ni wa haraka. Sikujua kwamba haraka ile haikuwa ya mchezo, ilikuwa ya sisi kuwa watatu.

Ilikuwa miaka ile boti zinavuka ziwa kila siku kutoka upande wa pili, na hapa kwetu hakuna nyumba iliyolala na idadi iliyoamka nayo. Zaina alivuka hivyo, yeye na baba yake, Mzee Ramazani, ndani ya boti moja iliyojaa majirani zao wa kule Kongo. Mzee na wengi wao wakapelekwa kambini, Zaina akabaki Rusimbi kwa Shangazi Mwamini, dada wa baba yake, ambaye aliolewa upande huu zamani na kashazoea kila kitu cha hapa, hata lafudhi. Nilimjua Zaina alipoleta gauni la marehemu mama yake nilipunguze kiuno, akakataa kuliacha, akasimama pale pale barazani kunisimamia mpaka mwisho. Nililipunguza taratibu sana. Yasini anasema gauni lile lilikwisha mchana na mimi nikaendelea kulishona mpaka jioni bila uzi, na hapo kwa mara moja hajaongeza chochote.

Tukafika siku ya harusi. Mzee Ramazani alikuwa amepata ruhusa ya kutoka kambini siku hiyo moja, akaja na lori lililokuwa likileta mizigo mjini, na lori hilo lilikuwa linarudi kabla jua halijazama, awemo asiwemo. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri, mzee akaozesha mwenyewe, na tulipotoka nje akanishika mkono akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mwanangu Hamisi, nilimvusha yule gizani, sikuona hata uso wake, nilikuwa namshika kichwa tu kujua kama yupo. Leo nataka nimwone mchana, amekaa kwenye kitanda chake, hana haraka ya kwenda popote. Nikishamwona hivyo, narudi zangu." Nikamwambia, "Baba, hilo limekwisha." Nilisema hivyo kwa moyo wote, kama mtu ambaye hata mlangoni hajafika.

Mnajua desturi yetu ya mlango. Bwana harusi akifika na watu wake, mashangazi wa bi harusi wanakuwa wameufunga mlango wa chumba, wamesimama mbele yake na kanga zao kiunoni, na hafunguliwi mtu mpaka bwana harusi atoe pesa ya kifungua mlango. Na kabla bwana harusi hajaingia haingii mwingine, hata awe baba mzazi. Sasa, kifungua mlango changu kilikuwa kimegeuka mchele. Wageni walikuwa wameongezeka tangu asubuhi, maana wengi wa walioshuka boti ile na Zaina walikuwa wameshatoka kambini wakatapakaa, wengine Ilagala, wengine hapa hapa mjini kwa ndugu, na wote walisikia, na wote walikuja, na ungeanzaje kumwambia mtu aliyepoteza nyumba kwamba sahani zimekwisha. Tukanunua mchele. Kwa hiyo nilifika mlangoni kwa Shangazi Mwamini na kanzu nzuri, kofia nzuri, marashi, na mifuko mitupu.

Mlangoni walikuwepo wawili tu, Shangazi Mwamini na mdogo wake, Shangazi Asha. Shangazi Mwamini akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Karibu bwana harusi. Umekuja na nini?" Hapo ndipo ningesema ukweli, kwamba shangazi nimeishiwa, naomba unisitiri, na yule mama angenisitiri mara moja kwa sababu mchele wenyewe aliuona. Lakini nyuma yangu walikuwa vijana wote wa Mwanga, na bwana harusi ana kiburi chake, na mimi nikaangalia mashangazi wawili na mimi mwenyewe, nikahesabu watatu, nikaona kheri imenishukia. Nikasema kwa sauti, ili hata walio jikoni wasikie, "Shangazi, nimekuja na mkono wangu. Tupige kiganja-mgongo. Nikitofautiana mimi, mnanifungulia. Akitofautiana mmoja wenu, basi yeye ndiye mwenye neno, na atakachosema nitakifanya."

Watu wakapiga vigelegele. Mashangazi wakaangaliana, wakacheka, wakafunga kanga vizuri zaidi. Nilimgeukia Mzee Ramazani, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na tangi la maji na kofia yake magotini, nikampa ishara ya kumtuliza. Naye akaniitikia kwa kichwa.

Tulikuwa tumeshakunja ngumi, nawaambieni ukweli, tumeshasema "kiganja," ndipo ukaingia mkono mwingine katikati, mkono mnene wenye bangili. Alikuwa Mama Nyota, mwanamke mmoja mkubwa wa sauti na mwili, aliyevuka na Zaina kwenye boti ile. "Mimi pia niko shangazi yake," akasema. Shangazi Asha akamwambia kwa upole, "Dada, wewe ni jirani yao." Mama Nyota akaweka mikono kiunoni. "Mawimbi yalipokuja, nani alimushika? Wewe ulikuwa wapi? Mimi ndiyo nilimushika mutoto huyu huku, na sufuria yangu huku, na sufuria ndiyo niliacha." Sasa wewe mwenzangu ungemjibu nini mtu aliyeacha sufuria? Shangazi Mwamini akasema, "Kweli. Ingia."

Tukawa wanne. Nikaona si neno, wanne na watatu wamepishana nini. Tukatoa mikono: viganja viwili, migongo miwili. Tukarudia. Viganja viwili, migongo miwili. Kitu hicho kule barazani sikuwahi kukiona, watu kulingana nusu kwa nusu, kila mtu ana mwenzake, hakuna aliye peke yake. Nikaanza kuhisi jasho chini ya kofia.

Na tatizo la kurudia ni kwamba linawapa watu muda wa kufikiri. Akasimama mama wa pili, akasema kama Mama Nyota ni shangazi kwa kumshika, yeye alimfunika na shuka. Wa tatu alimpa biskuti. Mwingine hakumpa kitu ila alikuwa amekaa naye goti kwa goti safari nzima na mguu wake ulikufa ganzi kwa ajili yake. Shangazi Mwamini akajaribu kupinga, ndipo Mama Nyota akatangaza sheria, akaitangaza na kidole juu: "Kila mutu alishuka mu boti ile iko na haki ya mukono. Kila mutu." Watu wa boti wakaitikia kwa kishindo. Na ninyi hamjui boti za wakati ule zilikuwa zinapakiaje.

Uwanja wote ukasimama. Wamama, wazee, dada zake na nani sijui, wakatengeneza mduara kuanzia mlangoni kuzunguka tangi la maji mpaka kwenye majiko. Kisha upande wangu nao wakaona wanaonewa, Yasini akasema kama kule wanaingia boti nzima huku anaingia Mwanga nzima, na mimi badala ya kumfunga mdomo nikamshukuru. Filbert akasema "ego" akatoa mkono. Tukatikisa ngumi. "Kiganja, mgongo, toa." Uwanja mzima ukawa mikono, huku viganja, huku migongo, na hata kuhesabu hakukuwa na haja.

Nikasema tugawane makundi, watatu watatu, kila kundi litoe mmoja, halafu hao nao wagawane. Ilikuwa akili nzuri, hata leo naiona nzuri. Mama Nyota akanikata hapo hapo. "Hapana. Kule kambi walitugawa kwa mistari, walitugawa kwa mahema. Leo iko arusi. Hatugawanywi." Hakusema kwa ukali. Wenzake wakaniangalia, na mimi nikaona haya, nikasema, "Basi mama, tucheze wote." Na tukacheza wote.

Sikilizeni, sijui kama mmewahi kuwaomba watu wengi namna ile wafanane wote isipokuwa mmoja. Tulitoa mikono mpaka neno "toa" likapoteza maana. Wali ukapoa. Ngoma iliyokuwa nje ilisimama kwa sababu wapigaji waliingia kucheza. Kisha ndugu zangu likaja lile la kanzu. Kanzu ile niliishona mwenyewe, fundi hakodi fundi, na mkono wa kulia niliushikiza kwa uzi wa mkono nikiwa na nia ya kuupitisha cherehani baadaye, halafu wageni wakaanza kufika, na nikasahau. Uzi wa kushikiza unavumilia salamu, unavumilia dua. Kiganja-mgongo haukuvumilia. Niliunyanyua mkono kwa nguvu, nikasikia kwapani "raa," na mkono wote wa kanzu ukashuka ukaning'inia kwenye kiwiko, bega langu likabaki nje na fulana yangu yenye tundu. Kisha mama mmoja, mteja wangu, akauliza taratibu, "Fundi, na sare za wanangu ndivyo ulivyozishona?" Hapo uwanja ulianguka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikacheka nao kwa sababu ningefanya nini, huku nimeshika mkono wa kanzu kama mtu aliyeokota mali ya mwenzake.

Mara moja tu tulikaribia. Tulitoa, nikaangalia, na nikaona viganja, viganja, viganja, mduara wote viganja, na mkono wangu mimi ni mgongo. Niliruka juu na ile kanzu yangu ya mkono mmoja, nikakimbilia mlangoni nikisema nimetoka, nimetoka. Shangazi Mwamini akanizuia na kifua, akanyoosha kidole kwenye mkeka wa pembeni, alipokuwa amekaa bibi mmoja mzee sana asiyesikia vizuri, mkono wake umelala kwenye goti, mgongo juu. Nikamwinamia, "Shikamoo bibi. Wewe nawe unacheza?" Akasema, "Marahaba. Nacheza tangu mwanzo, mjukuu wangu, na bado sijashindwa." Na kweli alikuwa hajashindwa. Naye alishuka boti ile.

Ndipo honi ya lori ikalia barabarani.

Dereva alipoona hajibiwi akaja mwenyewe, amekasirika, anazungusha funguo kidoleni, anataka mzee wake. Akauliza kuna nini hapa. Yasini akamweleza. Akasema upuuzi mtupu, mchezo wa watoto, ngoja niwaonyeshe, akaweka funguo mfukoni akatoa mkono. Akatoa mara ya pili. Baada ya hapo akawa anabishana na Filbert kwamba Filbert anachelewesha, na Filbert anasema "ego," na lori limesimama na mizigo yake. Jua lilikuwa limeshafika usawa wa paa la jirani.

Mimi nilikuwa bado nacheka na watu nilipoona Mzee Ramazani anasimama. Alivaa kofia yake. Akapita katikati ya mduara polepole, watu wakampisha, akaja mpaka niliposimama na bega langu nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu dereva anacheza sasa lakini akikumbuka barabara ataondoka. Sitaki aniache, ile ruhusa niliipata kwa taabu. Mwambie Zaina nitamwona siku nyingine." Akanipigapiga mkono, ule wenye kanzu. Hakuniudhikia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Siku nyingine ilikuwa lini? Hapakuwa na mtu uwanjani pale anayeijua. Mzee huyu aliniomba kitu kimoja, nami nikamwambia kimekwisha, na sasa anaondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Kicheko kilinitoka chote. Nikamgeukia Shangazi Mwamini nikataka kupiga magoti, nikamwambia shangazi nimekosa, sina kitu, fungua tu mzee amwone. Naye macho yalikuwa yameshamlainika, lakini alikuwa ametoa neno mbele ya boti nzima, na boti nzima ilikuwa inatazama, na huko nyuma wasiosikia walikuwa wanatikisa ngumi wanaanza upya, "kiganja, mgongo..."

Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo la nondo za mbao, linaloangalia uwanjani. Lilifunguka. Wote tukashtuka, kwa sababu siku hiyo bi harusi huwa hatazamwi wala hasemi, anakaa kitandani ameinamisha kichwa, ndiyo adabu yake. Hatukuuona uso. Tulisikia sauti ya Zaina, ya taratibu, sauti ile ile aliyoniambia nayo barazani nisimharibie gauni: "Poleni jamani. Mmechoka, hamjala. Pokeeni kashata."

Ndani mle walikuwa wamemwekea sinia la kashata za karanga, za mimi na yeye, za kulishana. Harufu ikatoka dirishani. Na sisi tulikuwa na njaa, nyie. Hatukuambizana. Kila mtu alisogea akanyoosha mkono, Mama Nyota na bangili zake, Shangazi Asha, Yasini, Filbert, dereva wa watu, yule bibi wa mkekani akanyanyuliwa kwapa huku na huku naye akanyoosha, hata Mzee Ramazani aliyekuwa ameshafika kwenye geti alirudi hatua kadhaa akafungua mkono wake mkubwa. Na mimi, siwafichi, bwana harusi mzima, nilisimama kwenye foleni ya kashata kwenye harusi yangu nikakinga kiganja.

Katikati ya nondo ukatoka mkono wa Zaina, umejaa hina mpaka kwenye kifundo, umeshika kashata, ukasimama juu ya mikono yetu. Haukudondosha kitu.

"Hapo hapo," akasema. "Msirudishe mikono. Angalieni."

Tukaangalia. Uwanja mzima viganja vimeangalia juu, boti nzima na Mwanga nzima. Mkono mmoja tu ndio ulikuwa mgongo juu, ule unaotoa.

"Nimetofautiana," akasema Zaina.

Kisha Mama Nyota akasema, lakini tayari anatabasamu, "Huyu hakukuwa mu muchezo." Na Shangazi Mwamini, aliyekuwa anaitafuta njia ya kutoka kuliko hata mimi, akamgeukia haraka: "Si wewe uliyesema kila aliyeshuka boti ile ana haki ya mkono? Mtoto huyu hakushuka?" Mama Nyota akaanza kucheka kwa tumbo lote, akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Ujiji bandarini, na wengine wote wakamfuata. Yule bibi akauliza imekuwaje, wakamwambia ameshindwa, akasema kwa huyu nakubali.

Shangazi Mwamini akanyanyua mkono watu wanyamaze. "Aliyetofautiana ndiye mwenye neno. Sema neno lako, mwanangu."

"Neno langu," akasema Zaina, "baba aingie kwanza." Akaongeza, "Halafu huyo fundi naye aingie, na sindano na uzi, mimi sikai na mtu mwenye kanzu ya mkono mmoja. Na kuanzia leo asiutoe mkono wake mbele ya watu zaidi ya watatu."

Mlango ukafunguliwa. Mzee Ramazani akavua kofia, akavua viatu, akaingia, na mimi nyuma yake nikiwa nimeshika mkono wangu wa kanzu. Zaina alikuwa amesharudi kitandani, amekaa, ameinamisha kichwa kama kwamba si yeye aliyewapanga watu wazima mstari kwa kashata. Mwanga wa jua la mwisho ulikuwa unaingia kwenye lile dirisha na kumwangukia. Mzee akakaa kwenye kigoda, akamtazama, akamtazama tena, hakusoma dua wala hakutoa nasaha tulizozitarajia. Akasema, "Umenenepa." Zaina akasahau adabu yote akanyanyua uso akacheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, na mzee naye, na mimi niliyesimama pale sina kazi nikalia pia, kwa furaha na kwa kuaibika, sijui kipi kilitangulia. Nje honi haikulia. Dereva alikuwa na kashata mkononi na nyingine mdomoni, akatupa muda mpaka mzee alipotoka mwenyewe ameridhika. Mama Nyota akamjazia mzee wali kwenye sufuria la kurudi nalo kambini, akamwambia hilo safari hii lisiachwe.

Wiki iliyofuata, nikiwa na kanzu yangu iliyoshonwa mara mbili, tulijaribu mchezo ule barazani na wateja, tukiongeza mmoja mmoja. Watatu, mara moja. Wanne, unasitasita. Tulipoongeza tena chai ikapoa, na tulipoongeza tena tukaamua kwenda kununua chai wote kwa pamoja, ikawa haraka zaidi. Filbert akasema "ego," na nadhani siku hiyo alikuwa anakubaliana kweli.

Amri ya Zaina nimeishika. Sijautoa mkono wangu tena mbele ya umati, hata kwa kura za kikundi nakaa pembeni nawatazama. Ila nyumbani watoto wameurithi ugonjwa, na ikifika zamu ya kuosha vyombo nasikia uani "kiganja, mgongo, toa," halafu tena, halafu tena, maana siku hizi wao ni watano na binamu zao wakija ni boti nyingine. Mimi huwa sinyanyuki kwenye mkeka. Nawapigia kelele kutoka hapo hapo nilipolala: mkiwa watatu, chezeni, mkizidi, mwiteni mama yenu.